Zamadamu wa Afrika Mashariki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mifupa, nyayo na zana zao

Majibu haya yanahusu masalia ya binadamu wa kale yaliyopatikana Tanzania na Kenya, pamoja na Ethiopia pale ambapo habari haikamiliki bila yake. Neno litakalojirudia sana ni tabaka. Mfupa peke yake husema machache. Mfupa uliokutwa mahali pake, chini ya majivu fulani na juu ya mengine, pamoja na mawe na mifupa ya wanyama iliyouzunguka, huo ndio ushahidi.

Zamadamu ni nani hasa?

Ni jina la jumla la binadamu na ndugu zake wote wa kale, tangu ukoo wetu ulipoachana na ule wa sokwe yapata miaka milioni 6 hadi 7 iliyopita. Humo wamo viumbe waliotofautiana sana. Wako Australopithecus, wafupi wa kimo, wenye ubongo uliozidi kidogo tu ule wa sokwe lakini waliotembea wima. Wako Paranthropus, wenye mataya mazito na magego mapana. Na iko jenasi yetu, yaani kundi letu la spishi za karibu, inayoitwa Homo, ambayo leo imebakiwa na spishi moja tu, yaani sisi.

Kwa hiyo tulitokana na nyani?

Hapana, wala si sokwe wa leo. Wanachosema wanasayansi ni kwamba sisi na sokwe tuna mzee mmoja wa zamani sana, ambaye hakuwa binadamu wala sokwe kama tunavyowajua. Kila upande ulishika njia yake, na sokwe nao wamebadilika kwa muda uleule tuliobadilika sisi. Wasomaji wengi huuliza swali hili wakiwa na imani zao moyoni, na ni haki yao. Majibu yaliyo hapa ni yale yanayoweza kuonyeshwa kwa mifupa na udongo.

Mbona masalia mengi yamepatikana Afrika Mashariki?

Jibu kubwa ni Bonde la Ufa. Kwa mamilioni ya miaka ardhi hapa imekuwa ikipasuka na kudidimia, maziwa yakijaa na kukauka, na volkano zikimwaga majivu. Kiumbe akifa kando ya ziwa, mzoga wake unaweza kufunikwa na tope kabla fisi na jua havijaumaliza. Majivu nayo hutanda juu, yakafuatwa na tope jingine, tabaka juu ya tabaka.

Hilo ni nusu ya jibu. Mfupa uliofukiwa vizuri haumfai mtu kama umebaki chini milele. Nguvu zilezile zilizodidimiza bonde zimeinua sehemu nyingine, na mito ya msimu imezikata. Katika Korongo la Oldupai, kaskazini mwa Tanzania, au Olduvai kama vitabu vingi vinavyoandika, maji yamechimba karibu mita 90 kwenda chini, na mtu akisimama ukingoni huona kwa macho yake matabaka yaliyoanza kulala pale takriban miaka milioni 2 iliyopita. Kila masika hung'oa udongo kidogo na kufichua kitu kipya. Ndiyo maana watafiti hurudi kwenye mteremko uleule mwaka baada ya mwaka.

Lakini wingi wa masalia si ushahidi kwamba zamadamu waliishi hapa tu. Unaonyesha mahali mifupa ilipodumu na inapoonekana. Katika misitu ya mvua ya Afrika ya Kati udongo wenye asidi huila mifupa, kwa hiyo ukimya wa huko hauthibitishi kwamba hapakuwa na mtu. Mwaka 2001 fuvu la Sahelanthropus, zamadamu wa kale sana, lenye takriban miaka milioni 7, lilipatikana Chad, mbali kabisa na Bonde la Ufa. Mapango ya Afrika Kusini yana hazina yake. Anayesema "binadamu alizaliwa Oldupai" anasema zaidi ya yale ambayo matabaka yanaruhusu.

Mfupa hugeukaje jiwe?

Ukishafukiwa, maji yanayopita ardhini hubeba madini na kuyaacha ndani ya vitundu vya mfupa. Polepole mfupa unakuwa mzito, hubadilika rangi kufuata udongo wake, na kugonga kama jiwe. Hicho ndicho kisukuku. Meno hudumu kuliko sehemu nyingine zote kwa sababu yamefunikwa na enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini, na ndiyo maana spishi nyingi za kale tunazifahamu kwanza kwa meno na mataya.

Umri wa kisukuku unajulikanaje? Nani alihesabu mamilioni hayo?

Mara nyingi kinachopimwa ni majivu ya volkano yaliyo juu na chini ya mfupa, wala si mfupa wenyewe. Majivu hayo yana fuwele zenye madini ya potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya argoni. Nusu yake huchukua miaka bilioni 1.25 kugeuka. Volkano inapolipuka, joto huifukuza gesi ya zamani na hesabu huanza upya. Ukipima argoni iliyokusanyika ndani ya fuwele tangu siku hiyo, unapata umri wa mlipuko. Mfupa uliolala kati ya majivu ya milipuko miwili una umri ulio kati ya hiyo miwili.

Njia ya kaboni, ambayo wengi wameisikia, hufika takriban miaka 50,000 tu. Mtu akikwambia fuvu la miaka milioni limepimwa kwa kaboni, amechanganya mambo.

Iko pia njia ya sumaku. Ncha za sumaku za dunia zimewahi kupinduka mara nyingi, na lava inapopoa hubaki na kumbukumbu ya mwelekeo wa wakati ule. Kipindi kimoja cha kupinduka huko, kati ya takriban miaka milioni 1.95 na 1.78 iliyopita, kinaitwa duniani kote kipindi cha Olduvai, kwa sababu kilitambuliwa katika miamba ya korongo letu.

Je, wataalamu hukosea? Ndiyo, na mifano miwili ya hapa kwetu inafundisha zaidi ya maelezo yoyote. Mwaka 1913 Hans Reck kutoka Ujerumani alifukua kiunzi cha binadamu katika tabaka la zamani la Oldupai, akaamini mtu yule aliishi pamoja na wanyama waliokwisha kutoweka ambao mifupa yao ilikuwa katika tabaka hilohilo. Mabishano yalichukua miaka. Mwishowe ilidhihirika kwamba lile lilikuwa kaburi: watu wa zama za baadaye walichimba shimo kutoka juu wakamzika mwenzao ndani ya udongo wa kale. Kiunzi kina takriban miaka 17,000 tu. Tabaka lilikuwa la kweli na mfupa ulikuwa wa kweli, ila mfupa haukuwa wa tabaka lile.

Mfano wa pili ni tabaka la majivu ya volkano linaloitwa KBS, mashariki mwa Ziwa Turkana. Kipimo cha kwanza kilitoa miaka milioni 2.6, na hivyo fuvu lililopatikana chini yake mwaka 1972 likaonekana la kale mno. Waliozua shaka walikuwa wataalamu wa nguruwe pori. Meno ya nguruwe waliokuwa chini ya majivu hayo yalifanana na ya nguruwe wa Bonde la Omo, Ethiopia, ambao walijulikana kuwa wa baadaye zaidi. Majivu yakapimwa tena kwa uangalifu, na umri ukashuka hadi takriban miaka milioni 1.9. Kwa maoni yangu hiki ni kisa cha kujivunia katika taaluma hii: meno ya nguruwe yalisahihisha mashine.

Zinj ni nani, na kwa nini anatajwa sana?

Tarehe 17 Julai 1959 Louis Leakey, mtafiti wa masalia ya kale, alikuwa amelala kambini Oldupai akiugua. Mkewe, Mary Leakey, alitoka kukagua mteremko, akaona kipande cha mfupa kikichomoza, na kando yake magego mawili makubwa yakiwa bado kwenye taya la juu. Fuvu lilikuwa limevunjika katika mamia ya vipande, ambavyo ilibidi kuvichekecha kutoka udongoni na kuviunga kimoja kimoja.

Louis alilipa jina Zinjanthropus boisei. Leo wengi huliweka katika Paranthropus. Magego yake ni mapana kupita kiasi, uso umepinda kama sahani, na juu ya utosi kuna ukingo wa mfupa ambapo misuli ya kutafunia ilijishika. Mwaka 1961 majivu ya pale yalipimwa kwa argoni, yakatoa takriban miaka milioni 1.75. Wakati huo wanasayansi wengi waliamini historia nzima ya binadamu ni fupi kuliko hiyo. Kipimo hicho ndicho kilichogeuza macho ya dunia kuelekea Afrika Mashariki, pengine kuliko hata fuvu lenyewe.

Zinj hakuwa babu yetu. Alikuwa wa tawi la pembeni lililoishi muda mrefu, likafanikiwa, kisha likatoweka. Mwanzoni alisifiwa kuwa ndiye mwenye zana za mawe zilizomzunguka. Lakini kuanzia mwaka 1960, karibu na pale pale, yalipatikana masalia ya kiumbe mwingine mwenye mikono mepesi na ubongo mkubwa kiasi. Mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier walimtambulisha kama Homo habilis, na sifa ya ufundi ikahamia kwake.

Mbona majina ya spishi hubadilika kila mara?

Kwa sababu jina la spishi ni hoja inayotetewa, na kisukuku kipya kinaweza kuipa nguvu au kuivunja. Fuvu la mwaka 1972 lililotajwa hapo juu, namba 1470, lilianza kwa kuhesabiwa kuwa Homo habilis; sasa wengi huliita Homo rudolfensis. Mwanafunzi asikariri jina akasahau namba. Namba ya kisukuku haibadiliki.

Nyayo za Laetoli zinathibitisha nini?

Zinathibitisha kwamba zamadamu walitembea wima kwa miguu miwili takriban miaka milioni 3.66 iliyopita, muda mrefu kabla ubongo haujawa mkubwa na kabla ya zana zozote za mawe zinazojulikana. Hapo zamani wasomi wengi walidhani ubongo ndio uliotangulia. Laetoli ilimaliza ubishi huo.

Laetoli iko kusini mwa Oldupai. Mwaka 1976 watafiti wawili waliokuwa wakirushiana vinyesi vikavu vya tembo walijikuta chini kabisa, macho yakiwa karibu na ardhi, wakaona alama za wanyama kwenye majivu yaliyoganda. Alama za zamadamu zilionekana mwaka 1978. Ilikuwa hivi: volkano ilimwaga majivu laini, mvua nyepesi ikanyesha, na majivu yakawa kama saruji mbichi. Katika baadhi ya sehemu vitone vya mvua bado vinaonekana vilipopiga. Twiga, vifaru, sungura, kanga na farasi wa kale wenye vidole vitatu walipita. Wakapita pia zamadamu, kisha majivu mengine yakafunika yote.

Njia yao ina urefu wa takriban mita 27 na nyayo zipatazo 70. Ukizitazama kwa karibu, unaona kisigino kimezama zaidi, uzito umesafiri ubavuni mwa wayo, na mwishowe kidole gumba kimesukuma ardhi. Kidole hicho kimelala sambamba na vingine. Hakikuachana kama cha sokwe anayeshikia matawi. Waliotembea ni watatu. Mmoja alikanyaga ndani ya nyayo za mwenzake, na ndiyo maana mwanzoni ilidhaniwa kuwa wako wawili. Kama walikuwa baba, mama na mtoto, kama michoro mingi inavyowaonyesha, majivu hayasemi. Huo ni ubunifu wa wachoraji. Mwenye nyayo kwa kadiri kubwa ni Australopithecus afarensis, ambaye taya lake la kumbukumbu ya kisayansi, yaani lile ambalo jina la spishi limefungwa kwalo, namba LH 4, limetoka Laetoli hiyohiyo.

Mwaka 2016 timu iliyowahusisha Fidelis Masao na Charles Musiba ilitangaza nyayo nyingine, mita takriban 150 kutoka zile za kwanza, zilizoonekana wakati wa uchimbaji wa majaribio kwa ajili ya makumbusho yaliyopangwa kujengwa. Mmoja wa waliopita alikadiriwa kuwa na kimo cha karibu sentimeta 165, mrefu sana kwa zamadamu wa wakati ule. Na mwaka 2021 nyayo nyingine za Laetoli, zilizokuwa zimehesabiwa na baadhi ya watu kuwa za dubu, zilichunguzwa upya zikahusishwa na zamadamu wa aina nyingine. Huenda basi spishi mbili zilitembea kwenye majivu yaleyale.

Naweza kwenda kuziona nyayo hizo?

Zile za asili zimefukiwa, na ni vizuri zibaki hivyo. Mwaka 1979 zilifunikwa kwa mchanga na mawe. Mchanga ule ulikuwa na mbegu za migunga, miti ikaota, na mizizi ikaanza kushuka kuelekea kwenye nyayo. Katika miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania na taasisi ya Getty ya Marekani waliiua miti, wakazitoa mizizi kwa uangalifu mkubwa, wakanakili nyayo, kisha wakazifukia tena kwa namna iliyo salama zaidi. Nakala zake zinaonekana katika makumbusho ya Oldupai.

Mvulana wa Turkana ni nani?

Ni kiunzi cha kijana wa Homo erectus, spishi ya kale ya jenasi yetu ambayo wengine huiita Homo ergaster, kilichoonwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 karibu na mto Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya changarawe za rangi ileile. Uchimbaji uliofuata ulitoa karibu mwili mzima, jambo adimu mno kwa masalia ya takriban miaka milioni 1.5.

Miguu yake ni mirefu, kiwiliwili chembamba, na kimo chake kilikuwa karibu sentimeta 160. Shingoni kwenda chini, angeweza kupita kama mmoja wetu. Kinachovutia ni umri wake. Meno yanaonyesha kwamba alikufa akiwa na miaka kama 8 au 9, ilhali mwili wake unafanana na wa mtoto wetu mkubwa zaidi. Maana yake watoto wa zama hizo walikua upesi kuliko wetu, na utoto huu mrefu tulio nao sisi ulikuja baadaye.

Zana za mawe za kale kuliko zote ziko wapi?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa zana za aina ya Oldupai: jiwe linapigwa kwa jiwe, kinabanduka kibanzi chenye makali. Mwaka 2015 timu ya Sonia Harmand ilitangaza zana za Lomekwi, magharibi mwa Turkana, zenye miaka milioni 3.3. Ni mawe makubwa na mazito, yaliyovunjwa kwa kuyagongesha juu ya jiwe jingine lililolala chini, kazi iliyo mbali na wepesi wa Oldupai. Zilipatikana ndani ya tabaka, siyo zikiwa zimetapakaa juu tu, na hilo ndilo linalozipa uzito.

Nyayanga, kwenye rasi ya Homa katika Ziwa Viktoria upande wa Kenya, ilileta swali gumu mwaka 2023. Zana za aina ya Oldupai zenye umri kati ya miaka milioni 2.6 na 3 zilikutwa pamoja na mifupa ya kiboko yenye alama za kukatwa, na pamoja na meno mawili ya Paranthropus. Je, ndugu zake Zinj nao walijua kupasua mawe? Kukutwa pamoja hakutoshi kumhukumu mtu, kwani simba wanaweza kuacha mifupa yao mahali binadamu alipopika. Lakini ile kauli ya zamani kwamba zana ni za Homo peke yake haiwezi kusemwa tena kwa uhakika uleule.

Mashoka ya mkono, yaliyochongwa pande zote mbili, yalifuata. Miongoni mwa ya kale zaidi yanayojulikana ni yale ya Kokiselei, Turkana, yenye takriban miaka milioni 1.76. Anayetaka kuyaona yalipolala aende Isimila karibu na Iringa, au Olorgesailie kusini magharibi mwa Nairobi.

Je, spishi hizi zilipokezana, mmoja akitoka mwingine akiingia?

Picha ile ya mstari, kiumbe aliyeinama akiinuka hatua kwa hatua mpaka kuwa binadamu, imepotosha watu wengi na ingefaa iondolewe kutani mwa madarasa. Spishi kadhaa ziliishi wakati mmoja. Ushahidi wa karibu zaidi ulitangazwa mwaka 2024 kutoka Koobi Fora, mashariki mwa Turkana: kwenye uso mmoja wa tope la miaka milioni 1.5 kuna nyayo za aina mbili za mwendo, zinazohusishwa na Homo erectus na Paranthropus boisei. Tope la ziwani halikai laini muda mrefu. Waliopita pale walipishana kwa saa au siku chache.

Binadamu wa sasa alianza lini?

Masalia ya Jebel Irhoud, Morocco, yenye takriban miaka 300,000, yana uso unaofanana na wetu ingawa kisogo bado ni cha kizamani. Huko Omo Kibish, Ethiopia, mafuvu yaliyopatikana mwaka 1967 yalikadiriwa upya mwaka 2022 kuwa na angalau miaka 233,000. Tanzania ina fuvu la Ngaloba kutoka Laetoli, lenye sura ya mchanganyiko wa kale na sasa. Ukiyaweka pamoja, inaonekana hatukuanzia shimo moja. Makundi yaliyotawanyika barani yalikutana, yakaachana na kukutana tena.

Kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha pwani ya Kenya. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao walikuta shimo dogo lenye mifupa laini kiasi cha kusambaratika ikiguswa. Waliimwagia plasta, wakalibeba donge zima hadi Nairobi, kisha maabara ya Burgos, Hispania. Ndani yake alikuwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Walimpa jina Mtoto. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Jinsi mifupa ya bega ilivyobanana inaonyesha alifungwa kwa kitu kama ngozi au majani, na jinsi kichwa kilivyoinama inaonyesha kiliegemezwa juu ya kitu kilichooza baadaye. Taarifa ilitolewa mwaka 2021: miaka 78,000, maziko ya kale kuliko yote yanayojulikana Afrika. Hapa tena ni tabaka lililosema. Udongo ndani ya shimo ulitofautiana na ule wa pembeni, na hivyo ikajulikana kwamba shimo lilichimbwa kwa makusudi.

Kwa nini wasipime tu DNA?

Joto la ukanda wetu huivunjavunja. Hakuna DNA ya Zinj wala ya Mvulana wa Turkana. Kwa watu wa karibuni zaidi imewezekana: utafiti wa mwaka 2022 ulipata DNA ya watu walioishi kati ya takriban miaka 5,000 na 18,000 iliyopita, wakiwemo wa Mlambalasi na Kisese nchini Tanzania.

Mbona tunasikia majina ya wageni tu?

Kwa sababu ripoti zilitaja kiongozi wa msafara, na magazeti yakanakili. Walioona mifupa kwanza mara nyingi walikuwa Waafrika wenye macho yaliyozoea ardhi. Kamoya Kimeu alianza kazi Oldupai mwaka 1960 kama kibarua wa kuchimba. Mwaka 1964 aliona taya la Peninj karibu na Ziwa Natron, miaka ishirini baadaye Mvulana wa Turkana, na aliongoza kwa muda mrefu timu ya wasaka visukuku ya Kenya. Mwaka 1985 alikabidhiwa medali ya National Geographic na rais wa Marekani. Alifariki mwaka 2022.

Fuvu namba 1470 lilionwa na Bernard Ngeneo. Liliungwa kutoka zaidi ya vipande 150. Taya la LH 4 liliokotwa na Maundu Muluila mwaka 1974. Peter Nzube aliona fuvu namba OH 24 huko Oldupai mwaka 1968, likiwa limepondwa bapa ndani ya mwamba. Justus Erus aliliona lile la Kenyanthropus, zamadamu mwingine wa Kenya, mwaka 1999. Majina haya yangefaa yaandikwe katika vitabu vya darasa la historia pamoja na ya akina Leakey. Kuona kipande cha fuvu chenye ukubwa wa ukucha kati ya maelfu ya mawe ni utaalamu kamili.

Masalia yenyewe yamehifadhiwa wapi?

Fuvu la Zinj liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mvulana wa Turkana na fuvu 1470 wako Nairobi. Lucy, Australopithecus wa miaka milioni 3.2 aliyepatikana Hadar, Ethiopia, mwaka 1974, yuko Addis Ababa. Fuvu la Kabwe la Zambia, lililopatikana mwaka 1921, bado liko London, na Zambia imekuwa ikilidai. Nakubaliana na Zambia.

Nimeona mfupa au jiwe la ajabu shambani au korongoni. Nifanye nini?

Usilichukue. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Zote zinalinda vitu hivi, na kuviuza au kuvisafirisha nje bila kibali ni kosa. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, kukiondoa ni kukinyima umri wake. Mtaalamu akikipokea ndani ya mfuko wa plastiki hana majivu ya kupima.

Piga picha kikiwa palepale, ukiweka kalamu au sarafu kando yake ili ukubwa ujulikane, kisha picha nyingine kwa mbali inayoonyesha mteremko wote. Washa ramani ya simu uhifadhi mahali ulipo. Usimwage maji wala kuparua udongo. Kisha mtaarifu mtendaji wa kijiji, au chifu kwa upande wa Kenya, na uombe habari ifikishwe Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa. Ikiwa ulishakiokota zamani, usirudi kukitupa mahali popote. Kipeleke, na ueleze bila woga ulikitoa wapi hasa: upande gani wa korongo, kina gani, udongo wa rangi gani.